Kuchagua mipira na vipuri vya choo: niliyojifunza Goma baada ya mitetemeko ya 2021

Katika nyumba yetu ya Keshero, upande wa magharibi wa Goma, choo cha ndani kilikuwa kimekazwa kwa saruji kila mahali ambapo saruji ingeweza kuingia: chini ya kitako chake, kuzunguka shingo yake ya nyuma inapokutana na bomba, na hata juu ya vichwa vya skrubu. Tulikikuta hivyo tuliponunua nyumba, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyekuwa na sababu ya kulalamika. Sababu ilikuja baada ya tarehe 22 Mei 2021, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka na ardhi ikaendelea kutetemeka usiku na mchana, hata wakazi wa sehemu kubwa ya mji wakaamriwa kuondoka tarehe 27. Sisi tulikwenda Sake, mji mdogo ulio magharibi ya Goma, kama wengi. Tuliporudi tulikuta kuta zimesimama, lakini vigae vya chooni vilikuwa vimepasuka kwa mstari mmoja mrefu, na chumba chote kilikuwa na harufu ambayo haikuwapo zamani.

Mama mkwe wangu, ambaye hukitumia choo hicho kuliko sisi sote kwa sababu magoti yake hayamruhusu tena kwenda kwenye choo cha nje, aliamini kwamba ni hewa ya volkano. Hofu yake ilikuwa na msingi. Kila mtoto wa Goma hufundishwa kuogopa mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kutulia mabondeni na mashimoni, ambayo imewaua watu na mifugo. Lakini mazuku ni kaboni dioksidi, nayo haina harufu, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Iliyotusumbua sisi ilinuka kama yai bovu na ilizidi kila tulipomwaga ndoo ya maji, na hiyo ni tabia ya hewa ya shimo la maji taka. Mzee mmoja fundi bomba wa mtaani kwetu alikuja na kikopo cha povu la sabuni, akalipaka kuzunguka shingo ya choo, akaniomba nimwage ndoo. Tukaona mapovu yakivimba na kupasuka kwenye ufa mwembamba uliokuwa umeizunguka saruji yote.

"Mama," aliniambia, akimaanisha saruji, "sima si mpira. Ardhi ikicheza, yenyewe haijui kucheza."

Choo cha kukalia kina vizuizi viwili dhidi ya harufu. Cha kwanza ni maji yanayobaki ndani ya bakuli baada ya kumwaga, ambayo katika choo kilichotengenezwa kwa kipimo kinachokubalika hujaza mkunjo wa ndani kwa kina cha angalau milimita 50, na hewa ya shimo haiwezi kuyapita. Cha pili ni kiungo kati ya shingo ya bakuli na bomba la kutolea uchafu. Kizuizi cha kwanza tunakiona kila siku, na maji yakikauka tunajua la kufanya. Cha pili kimejificha, na kwa kuwa hakionekani, wajenzi wengi wa kwetu hukijaza saruji na kuhesabu kwamba kazi imekwisha. Saruji hupungua kidogo inapokauka, tena haishiki vizuri kwenye kauri iliyong'arishwa. Katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, ambako ardhi hutikisika hata katika miaka ya kawaida, kiungo kisichoweza kusogea hata milimita moja kitapasuka, na kisipopasuka chenyewe kitaipasua kauri. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu bado naona nyumba mpya, zenye vigae vya bei kubwa, zikifungwa vyoo kwa njia hiyo hiyo.

Kukiondoa choo kulihitaji subira zaidi ya nguvu. Mzee alifunga robine, yaani koki, ya ukutani, akalimaliza maji ya tangi, akakausha bakuli kwa sifongo, kisha akaichonga saruji kidogo kidogo kwa patasi nyembamba, akiipiga kuelekea nje na kamwe si kuelekea kwenye kauri. Bakuli lilipotoka zima alimshukuru Mungu kwa sauti, nami nikamshukuru pamoja naye, kwa kuwa lilikuwa bakuli zuri lisilo na ufa na hatukuwa na fedha za kununua lingine. Mara tu baada ya hapo alisokota gunia akaliziba bomba, ili hewa ya shimo isijae nyumbani na vipande vya saruji visitumbukie ndani, ambako vingekuja kuzuia uchafu baadaye. Chini ya kitako sakafu ilikuwa nyeusi na yenye unyevu, na unyevu ule haukutoka kwenye tangi. Goma ni mji unaokijua kipindupindu. Waliokuwapo wakati wa mlipuko wake wa mwaka 1994 hawahitaji kuelezwa, na ugonjwa huo haujawahi kutuacha kabisa. Kwa hiyo maji yanayopenya chini ya choo si suala la harufu peke yake. Tulisugua sakafu kwa javeli, ile dawa ya klorini ya kuulia vijidudu, na kuiacha ikauke kabisa, ndipo fundi wa vigae akaanza kazi yake.

Suala la kuchagua vipuri lilianza hapo. Mzee hakukubali niende dukani kabla hatujapima. Tulipima kipenyo cha nje cha shingo ya bakuli tukapata milimita 102, ambacho ni kipimo cha kawaida kwa vyoo vingi vya aina ya Ulaya. Tukapima bomba: kipenyo cha nje milimita 110, na cha ndani karibu 104. Tukapima kimo kutoka sakafuni hadi katikati ya shingo, na kimo cha bomba ukutani, kuona kama vinatazamana. Kila kipimo kilikuja kuamua jambo lake. Goma hupokea bidhaa kutoka pande nyingi, na bidhaa hizo hazikutengenezwa ili zikutane. Mabomba ya plastiki yaliyofuata kipimo cha Kifaransa mara nyingi yana kipenyo cha nje cha milimita 100 kwa ajili ya choo. Yale yanayoingia kutoka Uganda, Rwanda na Kenya huwa ya 110. Kwa macho peke yake, yakiwa yamelala dukani, ni vigumu kuyatofautisha. Kiunganishi kilichotengenezwa kwa mfumo wa 100 kikiwekwa kwenye bomba la 110 huingia kwa urahisi unaofurahisha, na urahisi huo ndio dalili ya kwamba kitavuja.

Kuna jambo jingine la kutazama kabla ya mipira yenyewe, nalo ni upande ambao choo hutolea uchafu. Baadhi ya mabakuli yana shingo inayotoka nyuma kwa usawa, kwa kawaida kwenye kimo cha milimita 180 hivi kutoka sakafuni, na mengine hutolea chini moja kwa moja kupitia sakafu. Kwetu Goma aina ya kwanza inafaa zaidi katika nyumba nyingi, kwa sababu chini ya sakafu kuna jiwe la volkano ambalo kulichimba ni kazi ya nyundo na jasho, na bomba linalotoka ukutani ni rahisi kulifikia pale linapohitaji kutengenezwa. Anayenunua choo kinachotolea chini ni lazima apime pia umbali kutoka ukuta uliokamilika, vigae vikiwamo, hadi katikati ya bomba la sakafuni. Vyoo vya China huuzwa kwa umbali tofauti, kama milimita 200, 300 au 400, na namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Nimeona jirani akilazimika kuchimba upya sakafu kwa sababu muuzaji hakumwambia namba hiyo ina maana gani.

Dukani Birere, mtaa wa hapa Goma, kijana mmoja mwenye heshima alinionyesha pete ya nta, akasema kwamba ndiyo ya kisasa na kwamba Wamarekani hutumia hiyo. Ni kweli kwamba wanaitumia. Pete ya nta ni kifaa kizuri mahali pake, yaani chini ya choo kinachotolea sakafuni, ambako kuna pete ngumu iliyofungwa sakafuni kwa ajili ya kulishika bakuli na kuibana nta kwa usawa pande zote. Ina masharti yake, hata hivyo, na masharti hayo yalinifanya niikatae. Nta ikishabanwa hairudi katika umbo lake. Choo kikitikisika kidogo, nafasi inabaki wazi na haijizibi. Pete hiyo hutumika mara moja tu: ukiliinua bakuli hata kwa dakika chache, unatafuta nyingine. Na unene wake lazima ulingane na kimo cha sakafu, maana vigae vikiongezwa juu ya vigae, pete ya kawaida haitafika. Kwa choo chetu, ambacho shingo yake hutoka nyuma, isingefaa hata kidogo. Nilimshukuru kijana yule, nikamwomba kiunganishi cha mpira.

Kiunganishi hicho ni kipande kifupi cha plastiki ngumu chenye mpira ndani ya mdomo wake mmoja, unaoipokea shingo ya choo, na mipira yenye mapezi kuzunguka mdomo wa pili, unaoingia ndani ya bomba. Vingi vilivyotengenezwa kwa mabomba ya 110 hupokea shingo zenye kipenyo kati ya milimita 97 na 107, na kipimo hicho huandikwa kwenye kiunganishi chenyewe. Vipo vilivyonyooka, vipo vilivyohamisha katikati kwa sentimita chache kwa ajili ya shingo na bomba visivyotazamana vizuri, na vipo vya kona. Vipo pia vile vinavyokunjika na kuvutika, ambavyo mafundi vijana huvipenda kwa kuwa havihitaji kupimwa. Hivyo vya kuvutika nisingeviweka nyumbani kwangu isipokuwa hakuna njia nyingine, kwa sababu mikunjo yake ya ndani hukamata uchafu na karatasi, na kikivutwa sana hulegea katikati na kutengeneza bonde ambalo maji machafu hutuama. Sisi kimo kilikuwa kimetofautiana kidogo baada ya vigae vipya, basi tukachukua kile kilichohamisha katikati. Uhamisho huo hugeuzwa upande unaoliacha bomba likishuka. Ukiugeuza kinyume, uchafu utalazimika kupanda.

Katika kuutazama mpira wenyewe, mzee alinifundisha mambo ambayo sasa nayafanya kwa kila kipuri chenye mpira. Anaukunja kwa vidole na kuuangalia kwenye mwanga: ukionyesha nyufa ndogo juu ya mkunjo, umezeeka hata kama boksi ni jipya. Anaubana na kuuachia: mpira mzuri hurudi mara moja katika umbo lake, na ule uliochanganywa vibaya hubaki na alama ya kidole. Anapitisha ukucha kwenye ukingo kutafuta mstari uliosimama wa pale ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, kwa sababu mstari huo ukivuka mahali pa kuzibia, maji hupita kando yake. Na hanunui mpira uliotundikwa mlangoni mwa duka, ambako jua la mchana linaupiga mwezi baada ya mwezi. Kwenye baadhi ya vifungashio huandikwa herufi EPDM. Huo ni mpira wa viwandani unaostahimili maji yenye klorini vizuri kuliko mpira wa asili, na kwa maji ya nyumba za Goma ndio ninaoutafuta. Udhaifu wake ni mafuta ya petroli. Mafuta ya mgando ambayo watu wengi huyapaka ili kiunganishi kiteleze huufanya mpira huo uvimbe na kulegea baada ya muda, kwa hiyo sisi tulitumia maji ya sabuni ya kuoshea vyombo, ambayo huteleza vya kutosha na kisha hukauka bila madhara.

Bolti na skrubu zilinishangaza zaidi ya mpira. Pakiti nyingi zina bolti zinazong'aa kwa rangi ya dhahabu, na muuzaji huapa kwamba ni shaba. Mzee alitoa sumaku ndogo mfukoni. Shaba ya manjano haivutwi na sumaku kamwe. Bolti iliyonata ilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, ambacho ndani ya chumba chenye unyevu kingeshika kutu na kukatika, au kugandana na nati yake hata isiweze kufunguliwa bila msumeno. Chuma kisichoshika kutu nacho huvutwa kidogo sana au hakivutwi kabisa. Katika duka lile pakiti nyingi zilinata. Tulichagua zile chache zisizonata, na tofauti ya bei haikufikia hata bei ya mkate.

Tangi lilikuwa na mipira yake, na hapo tulibadilisha yote kwa mara moja, kwa kuwa kazi ya kulishusha tangi ni ile ile kwa mpira mmoja au kwa minne. Kati ya tangi na bakuli kuna mpira mnene wa mviringo unaozunguka tundu la kumwagia. Huo lazima ulingane na nati ya valvu ya tangi lako, kwa sababu vipo vya valvu za inchi 2 na vya valvu za inchi 3, na maumbo yake hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Hapa hakuna njia ya kukisia. Ule wa zamani, hata ukiwa umeoza, unachukuliwa na kupelekwa dukani ukiwa kwenye mfuko. Bolti zinazolishika tangi nazo zina washa za mpira zenye umbo la koni, ambazo hukaa ndani ya tangi moja kwa moja chini ya kichwa cha bolti, zikigusa kauri. Washa ya chuma mahali pake ni chini, upande wa nje. Nimeona fundi akiweka washa ya chuma ndani, kati ya mpira na kauri, na tangi likavuja tone kwa tone hadi alipoifungua tena.

Kuhusu valvu ya boya inayolijaza tangi, swali la kwanza ni unene wa uzi wake. Mafundi wa kwetu husema 12/17 na 15/21 kama walivyojifunza kwa Kifaransa. Ya kwanza ni inchi 3/8 na ya pili ni inchi 1/2, na yote mawili yapo katika nyumba za Goma. Robine yetu ya ukutani ni 15/21, na valvu ya zamani ilikuwa 12/17, ikiunganishwa na kipande cha kupunguzia ambacho tayari kilikuwa na chumvi nyeupe kwenye uzi. Tulitafuta valvu ya 15/21 ili kipande kile kiondoke kabisa, kwa sababu kila kiungo kinachoongezwa ni mahali pengine pa kuvuja. Kisha likaja suala la utepe wa tefloni, ambao kwetu huzungushiwa kila uzi bila kuuliza. Pale ambapo uzi wenyewe ndio unaozuia maji, chuma kwa chuma, utepe unahitajika. Lakini pale ambapo mpira bapa unakaa ndani ya nati na kubanwa, mpira ndio unaoziba, na utepe humdanganya fundi aone kwamba bado hajakaza vya kutosha, hadi uzi wa plastiki unapopasuka. Nati za plastiki tulizikaza kwa mkono, tukaongeza robo ya mzunguko kwa spana, basi.

Siku ya kukirudisha choo, kwanza kiliwekwa pasipo silikoni wala skrubu, ili kuona kama kinakaa sawa juu ya vigae vipya. Hakikukaa sawa, sakafu za mikono haziko sawa kabisa, na hilo si kosa. Mzee alisukuma vipande vyembamba vya plastiki chini ya upande ulioinuka hadi pima maji ilipotulia na bakuli likaacha kucheza, kisha akavikata vilivyozidi. Alikataa vipande vya mbao, ambavyo huoza, na vya karatasi, ambavyo hunywa maji. Kiunganishi kiliingizwa kwenye bomba kwanza, kikapakwa sabuni, ndipo bakuli likasukumwa taratibu kuelekea nyuma huku mimi nikiangalia kwa tochi kama mdomo wa mpira haujikunji upande wowote. Kazi hii inahitaji watu wawili. Anayefanya peke yake hawezi kuona nyuma, na mpira uliojikunja hautajulikana hadi harufu irudi.

Skrubu zilikazwa kwa zamu, kidogo kulia na kidogo kushoto, kwa sababu kauri ikikazwa upande mmoja hupasuka. Badala ya saruji, ukingo wa kitako ulizungushiwa silikoni, na hapa pia kulikuwa na kuchagua. Silikoni inayonuka siki ni rahisi zaidi, lakini tindikali inayotoka inapokauka hula metali na haielewani na saruji. Ile isiyo na harufu hiyo hushika vizuri zaidi juu ya sakafu zetu. Iliyoandikwa kwamba ni ya vyumba vya maji ina dawa ya kuzuia ukungu. Tuliangalia tarehe iliyochapwa kwenye mrija, kwa kuwa silikoni iliyopitwa na wakati hubaki laini na kunata, haikauki kamwe. Nyuma ya kitako tuliacha nafasi isiyopakwa, upana wa vidole viwili hivi. Baadhi ya mafundi hawakubaliani na hilo, wakisema kwamba wadudu wataingia, lakini mimi nilikubaliana na mzee: maji yakivuja siku moja, ni heri yatokee hapo tuyaone kuliko yafungiwe chini na kuiozesha sakafu kimya kimya kama yalivyofanya awali. Tuliiacha silikoni kwa saa 24 kabla ya mtu yeyote kukaa.

Wa kwanza kukaa alikuwa mama mkwe. Alishika ukuta kwa mkono mmoja kama alivyozoea, akajisogeza kulia na kushoto, kisha akauachia ukuta. Kwa mtu wa umri wake, choo kinachotikisika ni hatari ya kuanguka, na nilifurahi kuliko nilivyofurahia vigae.

Majaribio yalifanywa kwa rangi ya chakula. Tulitia matone machache ndani ya tangi lililojaa na kuliacha nusu saa bila kumwaga. Kama rangi ingeonekana ndani ya bakuli, ingemaanisha kwamba mpira wa valvu ya kumwagia haukai vizuri na maji yanapita, jambo ambalo katika mji wa kununua maji kwa bidoni, yaani madumu, ni hasara ya kila siku. Haikuonekana. Kisha tulipanga karatasi kavu za chooni chini ya bolti za tangi, chini ya nati ya valvu na nyuma ya kitako, tukamwaga mara kadhaa, na kuzikagua moja moja. Karatasi huonyesha tone ambalo jicho haliwezi kuliona juu ya kauri nyeupe. Povu la sabuni lilirudiwa pia kuzunguka kiunganishi, na safari hii halikusogea.

Kuna jambo moja ambalo maelekezo yaliyo kwenye maboksi hayalizungumzii kwa sababu hayakuandikiwa nyumba kama zetu, nalo ni maji ya mgao. Maji ya Goma husukumwa kutoka Ziwa Kivu, na yanapokatika kwa siku kadhaa tangi hukauka, na mpira wa valvu ya kumwagia hukauka nalo na kujikunja pembeni. Yanaporudi, mara nyingi usiku, huja na hewa na mchanga uliokuwa umelala ndani ya mabomba, na mchanga huo huingia kwenye valvu ya boya. Valvu za kisasa zenye kiwambo chembamba cha mpira ndani hufanya kazi kimya na kwa haraka, lakini punje moja ya mchanga huzizuia zisifunge, na maji humwagika hadi asubuhi. Kwa hiyo tulichagua valvu yenye kichujio kidogo kwenye mdomo wake wa kuingilia, ambacho hutolewa na kuoshwa, na yenye kifuniko kinachofunguka kwa mkono bila vifaa. Maji yakikatika tunafunga robine ya ukutani, na yakirudi tunafungua kwanza bomba la uani hadi yatoke safi. Chumvi nyeupe inayojijenga kwenye kichujio huyeyuka ikilowekwa katika siki. Na javeli, ambayo kila nyumba hapa inayo, inamwagwa ndani ya bakuli na kusuguliwa. Ndani ya tangi haiingii, kwa sababu ikikaa humo muda mrefu huula mpira, hata ule wa EPDM, kabla ya wakati wake.

Ndani ya mlango wa kabati la chooni nimebandika karatasi yenye vipimo vyote: shingo 102, bomba 110, valvu ya boya 15/21, na jina la kiwanda lililochapwa chini ya kifuniko cha tangi. Kwenye kopo la maziwa lililo juu ya kabati kuna mpira wa valvu ya kumwagia, washa bapa za 15/21, washa mbili za koni na bolti mbili zisizonata sumaku. Kiunganishi cha akiba sikukinunua, kwa sababu hupatikana kwa urahisi na mpira unaokaa bure dukani ni sawa na unaokaa bure kwangu, wote unazeeka. Kilichobaki ni ule mpira mnene wa kati ya tangi na bakuli. Tuliupata mmoja tu uliolingana, na muuzaji alisema kwamba hana hakika ya kuletewa mwingine wa umbo hilo. Nimeuchora kwa kalamu juu ya katoni kabla haujafungwa, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, na nakala ya mchoro huo ninampa kila ndugu wa nyumbani anapovuka mpaka kwenda Gisenyi au kusafiri hadi Kampala.